Shahada ya Saikolojia na Imani ya Kumsoma Mtu

Shahada ya kwanza ya saikolojia humfundisha mwanafunzi kupima tabia na utendaji wa akili, kisha kuamua kama kilichoonekana kina maana au ni bahati tu. Ndiyo maana somo linaloibeba ni takwimu, na ndilo linalowashtua wengi. Hata hivyo, kila msimu wa udahili waombaji huuliza lile lile: mhitimu ataweza kumtazama mtu usoni akajua anachowaza au anachoficha? Hapana. Hata profesa wake hawezi.

Imani hii ina soko. Ziko kozi za wikiendi na video za simu zinazofundisha kwamba anayetazama juu kulia anatunga uongo, na anayetazama juu kushoto anakumbuka jambo la kweli. Mzizi wake ni mafundisho ya Richard Bandler na John Grinder, Marekani, katika miaka ya 1970. Wao walihusisha macho na kumbukumbu. Kuhusisha macho na uongo kuliongezwa na wafuasi. Mwaka 2012 Richard Wiseman na wenzake walilipima dai hilo. Waliwarekodi watu wakisema kweli na wakisema uongo, wakahesabu macho yalikoelekea, wasione tofauti. Kisha wakawafundisha watazamaji kanuni yenyewe, na waliofundishwa hawakuwashinda wasiofundishwa.

Watetezi hudai kwamba wazoefu wana jicho lao. Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walijumlisha matokeo ya tafiti zenye waamuzi zaidi ya 24,000, waliotakiwa kutenganisha kweli na uongo bila kifaa chochote. Wastani wao wa kupatia ulikuwa asilimia 54. Kwa kurusha shilingi mtu angepata 50. Wale ambao kazi yao ni kuwabaini waongo, polisi wakiwamo, hawakuwa bora kuliko watu wa kawaida.

Madhara ya imani hii si ya nadharia. Utafiti mwingine wa mwaka 2006, uliogusa nchi 75, ulikuta kwamba ishara ya uongo inayotajwa zaidi duniani ni kukwepa kutazamana. Sasa kijana aliyelelewa asimkazie mzee macho, akaitwa ofisini kuhojiwa kuhusu fedha zilizopotea, huinamisha kichwa kwa adabu. Mwenye cheti cha kozi ya siku mbili atamhukumu kwa malezi yake mema. Imani hudumu kwa kuwa siku aliyopatia msomaji wa watu huikumbuka na kuisimulia, na siku alizokosea hazihesabu. Kuhesabu zote mbili ndiyo kazi ya mwanasaikolojia.

Zoezi moja la darasani linatosha kuonyesha hilo. Wanafunzi hukaa wawili wawili na saa ya kupimia sekunde. Mmoja hupewa karatasi ambayo neno “kijani” limeandikwa kwa wino mwekundu, “nyekundu” kwa wino wa bluu, na kadhalika; kazi yake ni kutaja rangi ya wino, si kusoma neno. Ulimi unakwama. Mwenzake huandika sekunde, hulinganisha na orodha ambayo neno na wino vinapatana, kisha darasa zima hukokotoa wastani na kupima kama tofauti ni ya kweli. Zoezi hili limetokana na kazi ya J. R. Stroop ya mwaka 1935. Hakuna fikra ya mtu iliyosomwa hapo. Ni muda tu uliopimwa.

Masomo mengine ya kawaida katika shahada hii ni makuzi ya mtoto, saikolojia jamii, ubongo na tabia, magonjwa ya akili, vipimo vya kisaikolojia na mbinu za utafiti. Mwishoni huja mafunzo kwa vitendo na, katika programu nyingi, ripoti ya utafiti.

Kuhusu njia za kuchagua: Tanzania shahada hii kwa kawaida huchukua miaka 3, Kenya 4. Marekani ile ya sanaa huacha nafasi ya lugha na fasihi, ile ya sayansi huongeza hisabati na biolojia. Anayetaka ualimu aangalie shahada ya elimu katika saikolojia, kama ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Anayetaka kutibu kwa mazungumzo ajiandae kwa uzamili wa saikolojia tiba. Shahada ya kwanza pekee haitoshi. Anayetaka kuandika dawa asome udaktari kwanza, kisha ubingwa wa magonjwa ya akili. Kenya, sheria ya mwaka 2014 ya washauri nasaha na wanasaikolojia inataka mtoa huduma asajiliwe. Wasiotaka kliniki huenda kwenye rasilimali watu, utafiti wa masoko na miradi ya afya ya jamii. Kabla ya kulipa ada, mwombaji ahakikishe programu imeidhinishwa na mamlaka ya vyuo vikuu, yaani TCU kwa Tanzania au CUE kwa Kenya, kisha aombe orodha ya masomo. Isiyo na takwimu wala mbinu za utafiti aiache.