Futiboli ya Kimarekani kwa Kiswahili: Istilahi Tunazo?

Utangulizi

Kila mwaka, baridi inapoanza kupungua Ulaya, vilabu vya ridhaa vya Ireland hujiandaa kwa msimu mpya wa futiboli ya Kimarekani. Wachezaji wa vilabu hivi hawalipwi mshahara. Hufanya mazoezi baada ya kazi au masomo, na hucheza mechi zao mwishoni mwa juma. Vyuo vikuu navyo vimo: Chuo Kikuu cha Limerick, kwa mfano, kimewahi kutoa timu maarufu iitwayo Vikings. Timu za Belfast na za Dublin hukutana katika ligi moja ijapokuwa miji hiyo imo katika nchi mbili tofauti. Msimu hufungwa kwa fainali iitwayo Shamrock Bowl. Mnamo tarehe 28 Septemba 2025 mashabiki wa huko walipata pia kuona timu za kulipwa kutoka Marekani zikicheza Croke Park, Dublin, ambapo Pittsburgh Steelers waliwashinda Minnesota Vikings kwa pointi 24 kwa 21.

Msomaji anaweza kuuliza: mambo haya yanamhusu nini mwalimu wa Kiswahili aliyeko Rohero? Makala hii inakusudia kujibu swali hilo. Kwanza tutaonyesha kwamba mchezo huu uko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Pili tutaeleza unavyochezwa, tukiulinganisha na raga. Tatu tutajadili istilahi: zipi tunazo tayari, zipi tuzikope, na zipi tusizitafsiri neno kwa neno.

Mchezo huu na watu wetu

Kuanzia mwaka 2007, maelfu ya Warundi waliokuwa wamekimbia mwaka 1972 na kuishi kwa zaidi ya miongo mitatu katika kambi za Tanzania walihamishiwa Marekani. Wengi wao walikwenda na lugha mbili, Kirundi na Kiswahili. Watoto wao wamesoma katika shule ambazo futiboli ndiyo mchezo mkuu wa majira ya vuli. Kijana wa aina hiyo anapompigia simu bibi yake aliyebaki Bujumbura na kutaka kumsimulia mechi ya Ijumaa, atatumia maneno gani? Akikosa maneno, ama atanyamaza, ama atahamia Kiingereza ambacho bibi hakijui. Kila mada inayomlazimisha mzungumzaji kuihama lugha yake huipunguzia lugha hiyo nafasi nyumbani. Hapo ndipo suala la istilahi linapowahusu walimu.

Afrika Mashariki pia imetoa wachezaji. Mathias Kiwanuka, aliyecheza katika timu ya New York Giants kuanzia mwaka 2006, ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda. Mkenya Daniel Adongo alicheza raga New Zealand na Afrika Kusini kabla ya kusajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013. Desemba mwaka huohuo aliingia uwanjani na kuwa Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi kuu ya Marekani. Hakupitia timu ya chuo kikuu huko Marekani kama ilivyo kawaida. Alitoka moja kwa moja kwenye raga, na hilo linatupa ufunguo wa makala hii: njia fupi ya kuifikia futiboli ya Kimarekani kutoka kwetu inapita kwenye raga.

Raga ina mizizi mirefu katika kanda yetu. Nchini Kenya, Kombe la Enterprise limeshindaniwa tangu mwaka 1930. Uganda ilitwaa Kombe la Afrika mwaka 2007. Tarehe 17 Aprili 2016, Kenya iliishinda Fiji kwa pointi 30 kwa 7 katika fainali ya raga ya wachezaji saba huko Singapore. Burundi nayo ina timu ya taifa ya raga. Mchezo huo ulipozoeleka, Waswahili waliupatia maneno yake: trai, skramu, mpira wa yai.

Unavyochezwa

Uwanja wa futiboli ya Kimarekani una urefu wa yadi 100, yaani mita 91 na ushei, kutoka mstari wa goli hadi mstari wa goli. Nyuma ya kila mstari kuna ukanda wa goli wenye kina cha yadi 10. Kila timu huwa na wachezaji 11 uwanjani, wakati raga ya kawaida ina 15.

Kiini cha mchezo ni ardhi. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu, huhesabiwa upya na kupewa majaribio mengine manne. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Kwa sababu hiyo, timu inapofika jaribio la nne bila kufikisha yadi zake, mara nyingi huamua kuupiga mpira teke mbali, ili wapinzani waanzie nyuma kabisa. Ikiwa karibu na milingoti, huweza kupiga teke la kutafuta pointi. Mtazamaji asiyejua hesabu hii huona watu wanakimbia kidogo, wanaanguka, wanasimama na kujipanga tena. Aliyeijua huona mvutano unaopanda kutoka jaribio la kwanza hadi la nne.

Tofauti kubwa na raga ni mbili. Katika raga, mwenye mpira akiangushwa mchezo huendelea, kwani sharti auachie mpira nao ugombewe. Katika futiboli ya Kimarekani, akiangushwa filimbi hulia na jaribio limekwisha. Pia raga hairuhusu kabisa kurusha pasi mbele kwa mkono. Futiboli ya Kimarekani huruhusu pasi moja ya mbele katika kila jaribio, mradi anayerusha hajavuka mstari ambao jaribio lilianzia. Pasi hiyo ndiyo iliyompa umaarufu mchezaji aitwaye kwotabeki, ambaye hupokea mpira na kuamua aurushe, ampe mwenzake, au akimbie nao mwenyewe.

Pointi hupatikana hivi: tachidauni ni pointi 6, teke la nyongeza baada yake ni 1, na timu ikiamua kuuingiza tena mpira katika ukanda wa goli badala ya kupiga teke hupata 2. Goli la teke wakati wa mchezo ni pointi 3. Mwenye mpira akiangushwa ndani ya ukanda wa goli lake mwenyewe, wapinzani hupewa 2.

Suala la istilahi

Soka inatufundisha kwamba Kiswahili hutumia njia zaidi ya moja. Maneno kama goli, penalti, kona na refa yalikopwa na kutoholewa. Mengine yaliundwa kutokana na yaliyokuwepo, kama mlinda mlango na mwamuzi. Mfano bora kuliko yote ni kuotea. Kitenzi hiki kilikuwa na maana ya kuvizia, kama mwindaji anavyomwotea mnyama. Waliolichagua hawakutafsiri neno la Kiingereza. Walimtazama mchezaji anayejibanza nyuma ya mabeki, wakakiita kitendo kile kwa jina lake. Warundi waliofuatilia ligi ya Tanzania wakati Amissi Tambwe na Saidi Ntibazonkiza wakifunga mabao huko wanajua jinsi watangazaji wanavyoyatumia maneno haya bila kusita.

Tukifuata mfano huo, tahadhari ya kwanza ni dhidi ya tafsiri ya neno kwa neno. Neno la Kiingereza la jaribio katika mchezo huu maana yake ya kawaida ni "chini". Mwanafunzi atakayeandika "chini ya nne" hataeleweka na mtu. Tukitazama kinachotendeka, tunaona timu inajaribu mara nne. Basi neno ni jaribio. Hapa palikuwa na hatari ya mgongano, kwa kuwa bao la raga kwa Kiingereza, na kwa Kifaransa ambacho wanafunzi wetu wanakijua, limetokana na neno lenye maana hiyohiyo ya kujaribu. Kwa bahati nzuri Kiswahili kilitohoa, kikasema trai. Jaribio limebaki huru.

Mfano wa pili ni tachidauni. Ukitafsiri utapata "mguso wa chini", na hapo utampotosha msomaji. Katika raga, trai haihesabiwi mpaka mpira uguse ardhi ukiwa mkononi mwa mchezaji. Katika futiboli ya Kimarekani inatosha mpira uufikie mstari wa goli, hata ukiwa hewani mikononi mwa mchezaji. Jina linadai mguso ambao kanuni haiudai. Kwa hiyo ni heri kutohoa.

Mfano wa tatu ni kwotabeki. Wapo watakaopendekeza "mpangaji", kwa kuwa yeye ndiye hupanga mashambulizi. Lakini mpangaji kwa watu wengi ni aliyekodi nyumba, na mtangazaji atakayesema "mpangaji ameangushwa" atawachekesha wasikilizaji kwa sababu isiyo ya mchezo.

Mfano wa mwisho unahusu aina ya mchezo huu isiyo na kuangushana, itakayochezwa na wanaume na wanawake katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028. Kila timu huwa na wachezaji watano, na mlinzi humsimamisha mwenye mpira kwa kuchomoa kipande cha kitambaa kinachoning'inia kiunoni mwake. Kiingereza hukiita bendera. Kwa Kiswahili bendera hupandishwa mlingotini. Kinachoning'inia kiunoni ni utepe. Tunapendekeza futiboli ya utepe. Kwa shule zetu, aina hii haihitaji kofia ngumu wala mavazi ya kujikinga, hivyo ndiyo inayoweza kujaribiwa kwa gharama ndogo.

Matumizi darasani

Mchezo huu unafaa sana kufundishia njeo na mnyambuliko. Kwa kuwa kila jaribio lina mwanzo na mwisho, mwanafunzi hulazimika kubadilisha njeo mara kwa mara. Jaribio likiendelea atasema: "Anapokea, anarudi nyuma, anarusha." Filimbi ikilia atasema: "Ameangushwa. Wamepata yadi 6, zimebaki 4." Akisimulia baadaye atatumia -li- na -ka-: "Alipokea mpira, akarudi nyuma, akarusha." Kitenzi kimoja tu, kuanguka, kinatupa kuangusha, kuangushwa, kuangushana na kuangushiana, na vyote vina kazi uwanjani.

Tunapendekeza istilahi zifuatazo zijaribiwe darasani:

Jaribio: nafasi moja kati ya nne za kusonga mbele yadi 10.
Mstari wa jaribio: mahali mpira ulipo jaribio linapoanza.
Ukanda wa goli: eneo la yadi 10 nyuma ya mstari wa goli.
Tachidauni: bao la pointi 6.
Goli la teke: mpira uliopigwa ukapita kati ya milingoti, pointi 3.
Kunaswa golini: kuangushwa katika ukanda wa goli lako, pointi 2 kwa wapinzani.
Pasi ya mbele: mpira uliorushwa kuelekea goli la wapinzani.
Kunyakua: mlinzi kudaka pasi isiyokuwa yake.
Futiboli ya utepe: mchezo wa kuchomoa utepe badala ya kuangushana.

Hitimisho

Tumeona kwamba sehemu kubwa ya istilahi za futiboli ya Kimarekani tunazo tayari, kutoka soka, raga na lugha ya kila siku. Yanayohitaji kukopwa ni machache. Ligi ya kulipwa ina fedha za kuajiri wafasiri na watangazaji. Michezo ya ridhaa hutegemea watu wanaojitolea, na katika lugha watu hao ni walimu na wanafunzi. Tunawaomba wanafunzi wenye ndugu Marekani au Ulaya wawaulize vijana wa huko wanavyousimulia mchezo huu kwa Kiswahili, wayaandike maneno watakayoyasikia pamoja na sentensi zilizotumika, kisha wayalete idarani. Orodha iliyo hapo juu irekebishwe kwa maneno hayo kabla ya mwaka 2028.