Dawa Umepewa, Maelekezo Umeyashika? Kweli na Si Kweli

Kwenye zahanati, mgonjwa huelezwa mengi kwa dakika chache: anaumwa nini, dawa ameze vipi, arudi lini. Akifika nyumbani anatibiwa na kile alichokielewa tu. Hebu tuzipime kauli tano zinazosikika kila siku kwenye mabenchi ya zahanati na vituo vya afya Tanzania.

1. “Aliyesoma hawezi kukosea dawa.”
SI KWELI. Mwalimu au mhasibu naye hubabaika akikuta “1x3” kwenye bahasha ya dawa. Maana yake ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku, na kwa antibayotiki nyingi za namna hiyo ni kila baada ya saa 8. Ukianza saa 12 asubuhi, cha pili ni saa 8 mchana, cha tatu saa 4 usiku. Anayemeza vyote kabla ya magharibi huacha dawa ipungue mwilini usiku kucha. Tena homa na wasiwasi humsahaulisha yeyote, awe na shahada au asiwe nayo.

2. “Homa ikishuka, dawa mseto iliyobaki niiweke akiba.”
SI KWELI. Dozi ya Alu, dawa mseto ya malaria, humezwa mara 6 ndani ya siku 3. Mwenye kilo 35 na kuendelea humeza vidonge 4 kila mara, jumla 24. Mara ya pili ni saa 8 baada ya ile ya kwanza. Siku ya pili na ya tatu ni asubuhi na jioni. Imeze pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, mwili uipokee vizuri. Homa ikishuka, vimelea huenda bado wamo, na ukikatisha dozi malaria inaweza kurudi.

3. “Sisikii chochote, basi presha imepona.”
SI KWELI. Presha ya 140/90 na zaidi mara nyingi haiumi wala haitoi dalili, huku ikiharibu moyo, figo na mishipa ya ubongo. Kipimo kikishuka ukiwa unatumia dawa, maana yake dawa inafanya kazi. Usiiache wala usiipunguze kabla ya kuzungumza na daktari.

4. “Maji ya kuchanganyia ORS lazima yapimwe.”
KWELI. ORS hupewa mtoto anayeharisha. Pakiti ya gramu 20.5 huchanganywa na lita 1 kamili ya maji safi na salama. Maji yakipungua, chumvi inazidi na kumdhuru mtoto. Yakizidi, mchanganyiko unakuwa hafifu. Angalia chupa unayopimia, maana baadhi ya zile za dukani ni za lita moja na nusu. Zinki nayo hutolewa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu.

5. “Kumuuliza daktari maswali ni kukosa adabu.”
SI KWELI, na imani hii ndiyo inayozilea zile nyingine zisizo za kweli. Nesi akiuliza, “Umeelewa?”, wengi hujibu “Ndiyo” kwa heshima, au kwa kuona foleni ni ndefu. Swali linalosaidia ni hili: “Mama, ukifika nyumbani utampaje mtoto dawa hii?” Mama akieleza, palipokosewa pataonekana hapo hapo na patarekebishwa. Asipoulizwa, aanze mwenyewe: “Dokta, naomba nirudie ulivyoniambia.” Kisha aulize ni dalili zipi zikitokea arudi haraka.

Kuuliza si ujinga. Na wewe mhudumu unayekabidhi dawa, usimruhusu mgonjwa aondoke dirishani kabla hajakueleza, kwa maneno yake mwenyewe, jinsi atakavyoitumia.