Acheni Kuiogopa Breki ya Mbele

Swali limenifikia tena wiki hii, safari hii kutoka kwa kijana aliyenunua Yamaha R1 iliyotumika. "Mwalimu, fundi kaniambia nilegeze breki ya mbele isije ikanirusha. Nilegeze kiasi gani?"

Usilegeze hata kidogo, na huyo fundi asiiguse tena pikipiki yako. Nafundisha uendeshaji wa pikipiki kubwa hapa Dar es Salaam, na hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kama hili. Mmoja anataka kujua kama anaweza kutumia ya nyuma peke yake mpaka azoee. Mwingine anauliza kama kuna ubaya kuikata ya mbele kabisa. Watu wanalipa mamilioni kununua mashine yenye breki kali sana, halafu jambo la kwanza wanalofikiria ni kuiua hiyo breki. Nimechoka kulijibu kwa mdomo, na kwa kuwa linaua watu, nalijibu kwa maandishi.

Imani kwamba breki ya mbele inamrusha mtu imetoka vijiweni. Nenda kijiwe chochote cha bodaboda, ushike mkono wa breki ya mbele wa Boxer iliyofanya kazi mwaka mzima. Kwenye nyingi utaufikisha kwenye mpini bila kukutana na upinzani wowote: waya umelegea, nati ya kurekebishia imeshika kutu, wakati pedali ya nyuma inang'aa kwa kukanyagwa. Mwanafunzi wa kijiweni anaambiwa tangu siku ya kwanza kwamba breki ya mbele ni kifo, na yeye anamwambia anayekuja baada yake. Kwenye Boxer ya cc 150, yenye nguvu za farasi kama 12, kwa mwendo wa foleni ya Mwenge, kosa hilo mtu anaweza kuishi nalo muda mrefu akadhani ni ujuzi. R1 ina nguvu za farasi karibu 200 ndani ya uzito wa kilo kama 200, na gia yake ya kwanza peke yake inavuka kilomita 120 kwa saa. Hapo tabia ya kijiweni haimfikishi mtu mbali.

Tuangalie kinachotokea chini yako unapofunga breki. Uzito wote, wako na wa pikipiki, unakimbilia mbele. Shokapu za mbele zinazama, tairi la mbele linajitandaza kwenye lami na kuishika zaidi, na tairi la nyuma linapungukiwa na uzito. Tairi lisilobebeshwa uzito haliwezi kushika barabara, hata ukanyage pedali mpaka ipinde. Litaganda tu na kuserereka. Ndiyo maana tairi la mbele hufanya asilimia 70 na zaidi ya kazi ya kusimamisha pikipiki, na kwenye pikipiki za michezo, ukifunga kwa nguvu kamili, la nyuma linabaki linagusa barabara kwa shida. Mtengenezaji anajua. Kaweka diski mbili kubwa mbele na moja ndogo nyuma. Anayekuambia ulegeze za mbele anakuambia kwamba mainjinia wa Japani hawakujua walichokuwa wakifanya.

Kwa tarakimu ni hivi. Uko kilomita 100 kwa saa, lami kavu, matairi mazuri. Sekunde moja ya kushtuka tu inakula mita 28 kabla hujagusa kitu. Baada ya hapo, anayetumia breki zote mbili sawasawa anasimama ndani ya mita 45 hivi. Anayetumia ya nyuma peke yake anahitaji zaidi ya mita 100. Maana yake ni kwamba pale mwenzake aliposimama kabisa, na kushusha mguu, huyu anapita akiwa bado na zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Kama mita 45 mbele yake kuna lori la mchanga linalokata kona kuingia Bagamoyo Road, hiyo ndiyo kasi atakayoligonga nayo.

"Lakini mwalimu, mimi nimemwona mtu karushwa kwa macho yangu." Umemwona mtu aliyeanguka. Mara nyingi alikuwa ndani ya kona, usukani umepinda, juu ya ule mchanga ambao upepo na malori humwaga pembeni mwa lami, akashtuka na kuunyakua mkono wa breki kwa vidole vinne. Ukiunyakua hivyo, breki inabana kabla uzito haujafika mbele. Tairi linaganda, linateleza, na unalala ubavu kabla hujajua kulikoni. Kupinduka juu ya usukani ni nadra sana, na kwenye pikipiki ndefu za kitalii zenye uzito mkubwa karibu haiwezekani kwenye barabara tambarare. Kilichomuumiza pale ni kule kunyakua, na kunyakua kunatibiwa kwa mazoezi. Kulegeza waya au kutoa mafuta ya breki hakumtibu mtu. Siku lori likikata mbele yake atanyakua vilevile, ila safari hii hakuna kitakachobana.

Namna ya kufanya ni hii, na ningependa uisome ukiwa umekaa juu ya pikipiki iliyozimwa. Vidole viwili juu ya mkono wa breki, mkono wa mafuta umerudishwa. Vuta polepole mpaka usikie pedi zimegusa diski na shokapu zimeanza kuzama. Hapo hujafunga bado. Umeliambia tairi lijiandae. Inachukua chini ya nusu sekunde. Sasa tairi limebeba uzito, ongeza kubana, ongeza tena, kama unavyokamua chungwa, huku mguu ukigusa ya nyuma kwa wepesi. Macho yawe mbali, mwili unyooke, magoti yabane tangi ili mikono isibebe kifua chako. Kadiri pikipiki inavyokaribia kusimama ndivyo unavyolegeza. Kwenye mvua au vumbi hatua ni zilezile, ila unabana kwa nguvu ndogo zaidi. Kwenye kona, breki kubwa imalizike kabla hujalala.

Na wale wanaojisifu kwamba "niliilaza makusudi ili nisigonge" waache kuwafundisha vijana hivyo. Chuma na plastiki haviishiki lami kama mpira wa tairi unavyoishika. Ukiilaza umeitupa breki yako bora, na utakwenda kugonga kilekile ulichokikimbia, safari hii ukitanguliza miguu.

Kisha nasikia: "Mimi nina miaka kumi barabarani." Mwaka 1981 ilitolewa ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, uliofuata ajali 900 za pikipiki mjini Los Angeles palepale zilipotokea. Asilimia 92 ya waendeshaji walikuwa wamejifunza wenyewe, au kwa jamaa na marafiki. Zaidi ya nusu walikuwa hawajafikisha miezi mitano juu ya pikipiki waliyopata nayo ajali, ingawa barabarani walikuwa na karibu miaka mitatu. Muda waliopata wa kujiokoa kwa kawaida ulikuwa chini ya sekunde 2. Na walifanya nini ndani ya muda huo? Wengi walikanyaga breki ya nyuma mpaka ikaserereka, wakaiacha ya mbele bila kuitumia ipasavyo. Zaidi ya miaka 40 imepita na sisi bado tunafundishana kosa lilelile kwa makusudi.

Miaka kumi ya bodaboda inakupa macho ya barabarani, nami naiheshimu sana. Mikono haikupi. Mikono yako imejifunza mashine nyingine.

Sasa, la kufanya. Kama bado hujanunua, anza na cc 250 hadi 400. Ulaya wenye umri wa miaka 18 hupewa kwanza leseni yenye kikomo cha kilowati 35, ndipo wapande ngazi. Hapa kwetu muuzaji hatakuuliza umejifunza wapi, kwa hiyo jiulize mwenyewe. Nunua yenye ABS, mfumo unaozuia matairi kuganda: Ulaya iliifanya lazima kwa modeli mpya za zaidi ya cc 125 kuanzia 2016, India kwa pikipiki mpya zote za ukubwa huo kuanzia 2019, basi ukichukua iliyotumika ya zamani kuliko hapo ikague kwanza, usiamini maneno. Mafuta ya breki badilisha kila baada ya miaka miwili. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi hilo limezeeka hata kama kashata zake zimejaa. Helmeti iwe na alama ya usalama ya ECE, ifungwe kidevuni. Jaketi, glavu, buti, hata kwenye joto la Dar. Tafuta mwalimu. Ukimkosa, tafuta uwanja mtupu wenye lami safi, anza na kilomita 30 kwa saa, kisha 40, kisha 60, ukifunga breki mpaka vidole vifanye bila kuulizwa, na urudie kila mwezi. Usiende Chalinze na kundi la Jumapili kabla ya hapo, wala kuteremka Kitonga.

Na wewe mwenye R1, kesho asubuhi mwambie fundi mwingine arudishe breki ya mbele kama ilivyotoka kiwandani, kisha uje uwanjani tuanze na hiyo.