Goma: Karatasi za kiwanja zilichomwa na volkano, lakini zilibaki katika imeli za zamani

Siku ya posho, tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021, magaribi, Nyiragongo ilipasuka na moto wake ukateremuka mupaka Buhene, kwenye mulango wa muji wa Goma. Mama mumoja mujane alikimbia na watoto wake, magodoro mbili na sufuria. Sanduku ya karatasi ilibaki ndani ya nyumba. Ndani yake kulikuwa sertifika ya kiwanja (certificat d'enregistrement). Kufuatana na sheria ya ardhi ya mwaka 1973, ile ndiyo karatasi inayohakikisha haki ya mutu juu ya kiwanja chake.

Kulikuwa jambo moja ambalo mama alikuwa amesahau. Mwaka 2009, marehemu bwana yake alipeleka karatasi zote kwenye sekretaria ya barabarani, wakaziskani, kisha akazituma kwa imeli kwa ndugu yake kule Lubumbashi. Mama alipiga simu. Jibu lilikuja kisha siku mbili: «Shemeji, ziko hapa. Lakini hazifunguke.»

Shida ilikuwa hii. Wakati ule intaneti ilikuwa polepole na imeli nzito zilikuwa zinakataliwa. Programu ya Outlook Express iliweza kukata imeli moja nzito kuwa vipande, na kila kipande kilibeba namba yake: [1/4], [2/4], na kuendelea. Outlook Express ya ule mwenye kupokea ndiyo iliviunganisha tena. Programu nyingi za leo haziviunganishe. Shemeji alikuwa anaona tu mistari na mistari ya herufi zisizo na maana. Watu wengi wanafuta imeli za namna hiyo wakizani ni virusi. Shemeji hakufuta kitu, na hapo anastahili shukrani.

Kijana mumoja wa siberi, hapa Goma, aliangalia kipande cha kwanza, akateremuka mupaka kwenye herufi JVBERi0, akacheka. «Mama, hii ni PDF.» Imeli ilitengenezwa zamani ili kubeba maandishi tu. Kwa hiyo faili yoyote inageuzwa kwanza kuwa herufi, baiti 3 zinakuwa herufi 4. Faili ya MB 9 inafika karibu MB 12. Ndiyo sababu hata leo faili ya MB 20 inaweza kukataliwa pahali ambapo mupaka ni MB 25, na mutu anabaki anashangaa.

Kazi yake haikuomba mashini ya ajabu. Alimuomba shemeji apakue kila imeli katika hali yake ya asili, si kuikopi kwenye kioo cha telefone. Akafungua kila moja katika programu ya maandishi matupu, akafuta mistari ya juu (mutumaji, tarehe, njia imeli ilipitia) mupaka kwenye mustari mutupu wa kwanza. Kisha akavipanga vipande kimoja chini ya kingine kwa kufuata namba. Si kwa kufuata saa ya kufika: kipande cha 3 kilikuwa kimefika mbele ya cha 2. Akaweka yote katika faili moja yenye jina linaloisha na .eml, akaifungua na Thunderbird. PDF ikaonekana.

Lakini ilikataa kufunguka. Kipande cha 4 hakikuwa kimefika hata siku moja. Sanduku ya imeli ya marehemu nayo ilikuwa imekwisha kufutwa, kwa kuwa hakuna mutu aliyeifungua tangu alipokufa.

PDF inaweka orodha ya kurasa zake mwishoni. Ukikosa mwisho, programu inapotea hata kama kurasa zenyewe ziko. Kuko programu za bure, kama mutool, ambazo zinatafuta kurasa moja kwa moja na kuandika orodha mupya. Katika kurasa 9, zikatoka 6. Ya kwanza ilikuwa sertifika yenyewe, na juu yake namba ya volume na ya folio.

Namba zile mbili ndizo mali. Sertifika inatengenezwa mara mbili: moja ya mwenye kiwanja, ingine inabaki katika kitabu cha ofisi ya ardhi. Karatasi iliyoskaniwa haichukue nafasi ya ile ya asili, lakini inaonyesha kitabu gani kifunguliwe na kwenye ukurasa gani.

Wenye kuwa na vipande vya namna ingine, vinavyoisha na .001, .002 ao .part1.rar, kazi yao ni nyepesi: weka vyote katika folda moja, usibadilishe majina, fungua cha kwanza peke yake na 7-Zip. Kikikosekana kimoja, uliza mutumaji aangalie ndani ya imeli alizotuma. Na usichelewe: Google inasema akaunti isiyotumiwa kwa miaka 2 inaweza kufutwa.

Mama alichapisha ukurasa wa kwanza na kuupeleka kwenye ofisi. Kurasa 3 zilizokosekana zilikuwa za vipimo vya kiwanja na bornes zake. Bornes zenyewe ziko chini ya mawe ya volkano. Sasa anatafuta jirani aliyesaini kama shahidi wakati walipopima.