Kupa na Kutuma Si Mamoja

Kila mwaka, miezi ya Septemba na Oktoba inapowadia, wanafunzi wa kidato cha nne nchini hujiandaa kwa mtihani wa KCSE, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989. Kwa muda mrefu msimu huo ulikuwa pia msimu wa kadi za heri. Wachuuzi walizitandaza kando ya barabara. Jamaa na marafiki walizinunua, wakaandika maneno machache ndani na kuzipeleka posta. Leo desturi hiyo imefifia mno, na mahali pake pamechukuliwa na simu ya mkononi.

Sina nia ya kuilaani simu. Tangu Safaricom ilipoanzisha huduma ya M-Pesa mwezi Machi 2007, mjomba aliye mbali humtumia mpwawe nauli kwa dakika moja. Aliyemwona mzazi wa hapa Dandora akipokea karo usiku wa kuamkia siku ya kufungua shule hawezi kuidharau huduma hiyo. Swali langu ni jingine: je, kutuma ni sawa na kupa?

Sarufi ya Kiswahili inatusaidia kujibu. Kitenzi "toa" hutosheka na kitu kinachotolewa: "Nimetoa kitabu." Kadhalika "tuma": "Nimetuma pesa." Lakini hakuna ajuaye Kiswahili atakayesema "Nimepa kitabu." Kitenzi "pa" hakikubali kusimama bila kiambishi cha mtendewa: nimempa, nimekupa, nimewapa. Lugha inamlazimisha msemaji amtambue mpokeaji kabla hata hajakitaja kitu chenyewe.

Mitaani Nairobi, hata hivyo, tumezoea kusikia "Amepeana pesa." Kiambishi "-an-", ambacho kazi yake ni kuonyesha kutendana, kimebaki, aliyepewa ametoweka. Walimu hulisahihisha jambo hilo kwa kalamu nyekundu. Mimi, kama mwanaisimu, sishangai lugha inapobadilika. Linalonishughulisha ni kwamba matendo yetu nayo yanafuata mkondo uo huo.

Tazama jinsi heri za mtihani zinavyotolewa siku hizi. Mtu hupokea picha yenye maua na maneno yaliyokwisha kuandikwa, akaisambaza katika kundi la WhatsApp la ukoo: "Tunawatakia watahiniwa wetu wote mafanikio." Aghalabu mtahiniwa mwenyewe yuko katika shule ya bweni, ambako haruhusiwi kuwa na simu. Watu wazima hamsini wanatakiana heri ya mtihani ambao hakuna hata mmoja wao atakayeufanya. Mtoto amegeuzwa nafsi ya tatu; anasemwa badala ya kusemeshwa. Pesa nazo zikitumwa kwa mzazi wake, ujumbe wa M-Pesa hutaja jina la mtumaji, kiasi, tarehe na saa. Sababu ya kumkumbuka mtoto huyo haimo.

Niliufanya mtihani huo mwaka 1999 nikitoka papa hapa Dandora. Mradi wa mtaa huu, ulioanzishwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulimpa mwenye kiwanja choo, bafu na maji. Vyumba akajijengea mwenyewe na kupangisha. Kwa hiyo ploti moja ilikusanya familia kutoka pembe nyingi za nchi. Mama, ambaye hakujua kuandika, alinunua kadi akamwomba jirani mpangaji amwandikie. Mwandiko ulikuwa wa jirani, ubeti uliochapishwa ulikuwa wa kiwandani, ila sentensi moja ilikuwa ya mama: "Usikeshe na koroboi, macho yako yanauma." Sentensi hiyo isingeweza kutumwa kwa mwingine yeyote darasani mwetu.

Wapo watakaosema kwamba zawadi halisi ni ile ya kushikika. Siafikiani nao. Sisi tunaoishi karibu na dampo la Dandora tunauona mwisho wa karatasi za kufungia zawadi na maua ya plastiki ya jiji. Neno "wametupa" laweza kumaanisha kwamba tumepewa, au kwamba wao wametupilia mbali kitu. Muktadha ndio huamua. Zawadi isiyomjua mpokeaji, hata ikiwa ya bei ghali, imekwisha kuikaribia maana ya pili.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mwaka 2016, aliyekuwa Waziri wa Elimu, Dkt Fred Matiang'i, alipiga marufuku ziara za wazazi na siku za maombi shuleni katika muhula wa tatu, ili kukabiliana na udanganyifu wa mitihani. Azma hiyo ilieleweka. Lakini mtoto asiyetembelewa na asiye na simu amebakiwa na nini, isipokuwa neno lililoandikwa?

Ndipo ninapowaomba walimu wa Kiswahili wakitenge kipindi kimoja cha insha kabla ya mtihani. Kila mwanafunzi wa kidato cha tatu amwandikie mtahiniwa mmoja barua, kwa jina lake, akitumia nafsi ya pili. Mzazi naye atume pesa za matumizi kama kawaida, kisha ampe mwalimu barua amfikishie mwanawe, ikiwa wazi ili ikaguliwe. Karatasi moja ya daftari inatosha, mradi iwe na angalau sentensi moja isiyoweza kusomewa mtoto mwingine.