Je, Wajua? Shokapu Haibebi Uzito wa Gari

Gari likilala nyuma, wengi hukimbilia kununua shokapu. Kumbe uzito hubebwa na springi. Kazi ya shokapu ni kuzuia gari lisiendelee kurukaruka. Ndani yake mafuta husukumwa kupitia matundu madogo, na mtikisiko hugeuka kuwa joto. Ndiyo maana ukimaliza barabara ya mawe jijini Kigali, shokapu nzima huwa na joto, na iliyokufa hubaki baridi.

Ukitaka kubadilisha shokapu za nyuma mwenyewe nyumbani:

• Volkswagen Polo, iliyoanza kuunganishwa Kigali mwaka 2018, ina springi na shokapu za nyuma zilizotengana, hivyo kazi ni nyepesi. Kwa gari ambalo zimeshikana, usifungue bila kifaa cha kubania springi: ikifyatuka inaweza kuua.

• Kigali ni vilima. Tafuta sehemu tambarare, wekea magurudumu ya mbele vizuizi, kisha likalishe gari kwenye stendi. Usiamini jeki peke yake.

• Badilisha kushoto na kulia kwa pamoja.

• Bolti za bushi za shokapu zikazwe mwisho, magurudumu yakiwa yamebeba gari. Ukizikaza yakining'inia, mpira wa bushi hujipinda na kupasuka mapema.

• Ukiweka pia springi ndefu, huinua nyuma na kuinamisha mwanga wa taa za mbele. Rekebisha taa hizo kabla ya kulipeleka gari kwenye ukaguzi wa polisi.