Kujulikana Hakununui Rangi

Mimi huandika mabango hapa Kaliua, reli inapogawanyika kwenda Kigoma na Mpanda. Malipo ya tumbaku yakitoka, saluni na maduka mapya hufunguliwa, na wenyewe huniambia: "Fundi, nichoree tu, watu watakujua." Seremala aliyewatengenezea mlango hakuambiwa hivyo. Bango moja linakula rangi ya mafuta, tina, msasa na siku nzima juani.

Kupatana malipo kabla ya kazi si jambo jipya huku: wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 walipatana ujira na posho kabla ya kujitwika pembe za ndovu. Leo Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda michoro, lakini bei tunapatana wenyewe. Ndiyo maana sifungui kopo kabla sijashika nusu ya fedha.